Kioo cha Mbele Kinachofunguka: Historia ya Dirisha la Kombi

Kuna wakati kioo cha mbele cha gari kilikuwa dirisha kama madirisha mengine: ukitaka hewa, unakifungua. Ford Model T, iliyoanza kutengenezwa Detroit mwaka 1908, ilikuwa na kioo cha vipande viwili, na kile cha juu kiliweza kukunjwa. Waipa za enzi hizo zilikuwa dhaifu au hazikuwepo kabisa, na hapakuwa na kifaa cha kupuliza hewa ya moto ili kuondoa mvuke kwenye kioo. Mvua ya matope ikizidi, au ukungu ukitanda barabarani, dereva alifungua kioo akatazama mbele kwa macho yake, uso ukilowa. Jeep za Wamarekani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilikuwa na kioo kinachosukumwa nje kutoka chini, na fremu nzima iliweza kulazwa juu ya boneti. Land Rover zilizotoka kuanzia mwaka 1948, ambazo watu wa Afrika Mashariki wanazikumbuka vizuri, nazo zililaza kioo chao mbele.

Magari ya kawaida ya abiria yaliiacha njia hiyo. Kioo kilichobanwa kwa raba pande zote hakina bawaba ya kulegea, hakipigi kelele, na kiwandani kinafungwa kwa dakika chache. Kufikia miaka ya 1950 mnunuzi wa gari jipya hakutegemea tena kwamba kioo cha mbele kingefunguka. Gari ninalotaka kulisimulia hapa lilizaliwa katika zama hizo za vioo visivyofunguka, kisha likapewa dirisha la mbele kwa sababu ya jua la nchi zilizo mbali na kiwanda chake. Ni Volkswagen Aina ya 2, ambayo kwetu inajulikana kama Kombi.

Mwaka 1947 kiwanda cha Volkswagen mjini Wolfsburg kilikuwa mikononi mwa jeshi la Uingereza, na aliyekiendesha siku hadi siku alikuwa Meja Ivan Hirst. Jeshi lilikuwa limezichukua mashine zake za kunyanyulia mizigo, kwa hiyo mafundi walijiundia vigari vya kubebea vipuri ndani ya kiwanda: chasisi ya Beetle, ubao bapa mbele, dereva ameketi nyuma juu ya injini. Mholanzi Ben Pon, mfanyabiashara aliyekuwa akitaka kuuza Volkswagen nchini kwake, aliviona akavipenda. Alitaka kuvipeleka Uholanzi, lakini wakuu wa usafirishaji huko walikataa gari ambalo dereva wake anakaa nyuma ya mzigo. Pon hakukata tamaa. Tarehe 23 Aprili 1947 alichora kwenye daftari lake sanduku lenye magurudumu manne: dereva mbele kabisa, injini nyuma kabisa, mzigo katikati. Ukurasa ule umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, na ukiutazama unaiona Kombi yote imeshakamilika ndani ya mistari michache ya kalamu.

Heinz Nordhoff alichukua uongozi wa kiwanda mwanzoni mwa mwaka 1948 na kumkabidhi mhandisi Alfred Haesner kazi ya kuligeuza wazo hilo kuwa gari. Gari la kwanza la majaribio, mwaka 1949, lilijengwa juu ya chasisi ya Beetle, na chasisi ile ikashindwa kustahimili uzito. Wahandisi waliunda upya bodi inayojibeba yenyewe, ikiwa imeimarishwa chini kwa mihimili miwili mirefu na mingine ya kukatiza. Kwenye magurudumu ya nyuma waliweka gia za kupunguza mwendo zilizotoka kwenye Kübelwagen, gari la kijeshi ambalo kiwanda hicho hicho kilikuwa kimelitengeneza wakati wa vita. Gia hizo ziliipa injini ndogo nguvu ya kupanda milima na zikaliinua gari kutoka ardhini.

Tatizo jingine lilikuwa uso wa gari. Sanduku lenye uso bapa linausukuma upepo kama ukuta unavyoukinga. Mfano mdogo wa gari ulipelekwa kwenye handaki la upepo la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Braunschweig, na uso ulipoviringishwa na kuchongoka kidogo katikati, kipimo cha ukinzani wa hewa kilishuka kutoka 0.75 hadi 0.44. Kwa injini ya nguvu farasi 25, tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kama gari litaweza kwenda au la. Vioo vilibidi vifuate umbo hilo. Kioo kikubwa kilichopinda kilikuwa ghali na kigumu kutengeneza katika Ujerumani ya wakati ule, hivyo wakatumia vioo viwili bapa vilivyokutana katikati kwenye nguzo nyembamba, kila kimoja kikiwa kimeinamishwa nyuma na kugeuzwa kidogo upande wake. Huo ndio uso unaopendwa hadi leo: paji la uso lililogawanyika, na chini yake mstari wenye umbo la herufi V ukishuka hadi kwenye nembo.

Uamuzi huo wa kubana matumizi ndio uliowezesha yote yaliyofuata. Kioo bapa kinaingia kwenye fremu bapa, na fremu bapa inaning'inia kwenye bawaba iliyonyooka. Kioo kilichopinda hakikubali bawaba ya namna hiyo. Haesner na wenzake hawakuwa wanafikiria madirisha ya nchi za joto walipochagua vioo viwili bapa. Walikuwa wanapunguza gharama na kuutuliza upepo. Hata hivyo, walikuwa wameacha mlango wazi kwa watakaokuja.

Gari lilioneshwa kwa waandishi wa habari Novemba 1949, na tarehe 8 Machi 1950 uzalishaji ulianza. Injini ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,131, na mwendo wa juu ulikuwa takriban kilomita 80 kwa saa. Lilikuwa gari la waokaji mikate, wauza maua, posta, zimamoto na shule. Oktoba 1954 lilitoka gari la 100,000, na mwaka 1956 uzalishaji ukahamishiwa kiwanda kipya mjini Hannover, kwa sababu Wolfsburg palikuwa pamejaa.

Dereva wa gari hili alikuwa na neema moja na adha moja. Neema ni kwamba injini ilikuwa mbali nyuma yake, ikipozwa kwa hewa, kwa hiyo joto lake halikumfikia miguuni kama lilivyomfikia dereva wa lori ambaye injini yake iko ubavuni mwake. Adha ni kwamba alikaa juu ya ekseli ya mbele, mbele ya kila kitu, na kati yake na jua palikuwa na vioo viwili tu. Kioo hupitisha mwanga wa jua, na joto linaloingia nao halitoki kirahisi. Vioo vya milango ya mbele havikushuka kwa kuzungushwa. Viliteleza kwenye reli, kipande kimoja nyuma ya kingine, kwa hiyo hata ukifungua kabisa unapata nusu ya dirisha. Magari ya miaka ya mwanzo hayakuwa na njia ya maana ya kuingiza hewa safi. Machi 1955 kiwanda kilibadilisha paa la mbele: juu ya vioo pakaongezwa ukingo uliochomoza kama kofia, wenye tundu la kunasa hewa na kuishusha ndani kupitia kisanduku kilicho juu ya kichwa cha dereva. Kwa Hannover mwezi Juni hiyo ilitosha. Ukiwa Uitenhage, Afrika Kusini, ambako Volkswagen zilianza kuunganishwa mwaka 1951, au katika bara kavu la Australia, haikutosha hata kidogo.

Hapo ndipo vilipohitajika vioo vinavyofunguka. Katika orodha ya vifaa vya ziada vya kiwanda vilikuwa na namba M113, na wapenzi wa magari haya duniani kote huviita madirisha ya Safari. Kila kioo kilikaa kwenye fremu yake ya chuma, fremu ikaning'inizwa kwa bawaba upande wa juu, na sehemu ya chini ikasukumwa nje. Mikono ya chuma iliishikilia fremu ikiwa wazi, na vikazio vya ndani viliivuta na kuibana dhidi ya raba ikifungwa. Unaweza kufungua upande wa dereva peke yake, au vyote viwili. Waipa zilibaki mahali pake, kwa sababu zimesimikwa kwenye bodi chini ya vioo. Unachotakiwa kukumbuka ni kutoziwasha kioo kikiwa wazi.

Ubunifu huu unastahili sifa kubwa kuliko inayopewa. Tuseme unakwenda kilomita 60 kwa saa, mwendo ambao Kombi ile ilikwenda kwa raha. Upepo unaogonga uso wa gari unatafuta pa kupita. Ukiupa uwazi wa sentimita kumi chini ya kioo, unaingia moja kwa moja kifuani na usoni mwa dereva, unapita juu ya viti na kutokea madirisha ya nyuma. Hakuna feni, hakuna umeme unaotumika, na hilo halikuwa jambo dogo katika gari ambalo mfumo wake wa umeme ulikuwa wa volti 6 hadi mwaka 1966. Kwa sababu bawaba iko juu, kioo kilichofunguliwa kidogo kinakuwa kipaa: manyunyu yanateleza nje yake badala ya kuingia ndani. Na kwa kuwa gari lenyewe halina mbio, upepo huo unaburudisha bila kuumiza.

Kasoro zilikuwepo, na anayezificha anawadanganya wanunuzi. Vumbi linaingia. Wadudu wanaingia, na nyuki anayeingia kwa kasi ya kilomita 60 ana hatari yake. Kubwa kuliko zote ni maji. Kioo kisichofunguka kina mzunguko mmoja wa raba kati ya kioo na bodi. Chenye kufunguka kina mizunguko mitatu: raba kati ya kioo na fremu yake, kati ya fremu hiyo na fremu iliyosimikwa, na kati ya fremu iliyosimikwa na bodi. Kila mzunguko ni njia mpya ya maji. Wenye magari haya wamekuwa wakilalamika kuhusu kuvuja tangu yalipokuwa mapya.

Nchi za joto zilitafuta majibu mengine pia. Kiwanda cha Volkswagen cha Clayton, nje ya Melbourne, kilitambua kwamba vumbi la barabara za udongo lilikuwa likinyonywa na injini kupitia matundu ya hewa ya nyuma, kikatengeneza magari yenye matundu makubwa yaliyopandishwa juu, karibu na paa, mbali na wingu la vumbi. Afrika Mashariki ilikwishaijua tabia ya injini hizi kwa njia ya mashindano. Beetle zilishinda mbio za Coronation Safari mwaka 1954 na 1957, na mwaka 1962, mbio zilipokuwa zimeshabadilishwa jina kuwa East African Safari, Tommy Fjastad aliibuka mshindi akiwa na Volkswagen 1200. Injini isiyo na rejeta haichemshi maji katikati ya nyika ya Taru. Kombi ilifuata njia iliyofunguliwa na kaka yake Beetle, na katika miaka ya 1970 magari ya watalii nchini Kenya yaliyopakwa mistari ya pundamilia yalikuwa picha ya kawaida katika mbuga. Hayo yalikuwa ya kizazi cha pili, na wazo la dirisha lilikuwa limehamia juu: paa ndilo lililofunguliwa, mtalii asimame atazame simba.

Kizazi hicho cha pili ndicho kilichoua kioo kinachofunguka. Agosti 1967 kiwanda cha Hannover kilitoa Kombi mpya yenye kioo kimoja kikubwa kilichopinda kutoka nguzo hadi nguzo. Vioo vya milango sasa vilishuka kwa kuzungushwa, na chini ya kioo cha mbele paliwekwa wavu wa kuingizia hewa safi. Uwezo wa kuona barabara uliongezeka mno; hakuna dereva wa haki atakayekana hilo. Lakini kioo hicho hakingeweza tena kuning'inizwa kwa bawaba, na namba M113 kwa maana yake ya zamani ikabaki na takriban magari milioni 1.8 ya kizazi cha kwanza yaliyokuwa yametoka Ujerumani. Brazil, ambako Kombi zilianza kujengwa São Bernardo do Campo mwaka 1957, iliendelea kutengeneza uso wa vioo viwili hadi mwaka 1975.

Baadhi ya Kombi hizo zilikuwa nyumba. Kampuni ya Westfalia ya Wiedenbrück, iliyoanzishwa mwaka 1844 ikitengeneza magari ya kukokotwa na farasi, ilitoa mwaka 1951 sanduku la vifaa vya kambi ambalo mtu angeliingiza kwenye Kombi yake siku ya Ijumaa na kulitoa Jumatatu akirudi kazini. Baadaye ikaja na magari kamili yenye makabati, meza, kitanda cha kukunjua na sehemu ya jiko. Nchini Uingereza kazi kama hiyo ilifanywa na Devon, Danbury na Dormobile. Katika gari la kulala, kioo cha mbele kinachofunguka kina kazi ambayo hakikuwa nayo kwenye gari la mwokaji. Watu wawili au wanne wakilala ndani ya bati, na chai ikiwa imechemshwa humo humo, mvuke wa pumzi na sufuria unaganda kwenye vioo na kudondoka juu ya magodoro. Ukiachia vioo vya mbele upana wa vidole viwili, hewa inazunguka usiku kucha, hata mvua ndogo ikinyesha. Ndiyo maana wengi wanaofufua Kombi za kambi leo huyatamani madirisha hayo, hata kama gari lao halikuzaliwa nayo.

Kujua kama lilizaliwa nayo si vigumu. Kombi nyingi za Ujerumani zina kibati kidogo cha chuma ndani, chenye namba za vifaa vilivyoagizwa. Ukikuta 113 kwenye safu hiyo, gari lilitoka kiwandani na vioo vinavyofunguka, na kazi yako ni kurejesha. Usipoikuta, kazi yako ni kuongeza, na kuongeza maana yake ni kutoboa bodi iliyokaa zaidi ya nusu karne bila matundu hayo. Fremu za asili ni adimu na ghali. Kuna fremu mpya zinazoigwa kutoka zile za kiwanda, nzuri na mbaya, na zote zinahitaji mkono wa fundi kabla hazijakaa sawa.

Kazi inaanza kwa kuvua vioo vya zamani, na hapo ndipo wengi hugundua walichokuwa wamefichwa. Raba ya zamani ikitoka, ukingo wa chini wa tundu la kioo hujitokeza, na mara nyingi ni kutu iliyopakwa rangi. Maji hutuama pale, hasa kwenye pembe za chini na karibu na nguzo ya katikati. Fundi asiyejali atajaza plasta, apige msasa na kupaka rangi. Fremu ya chuma yenye kioo ndani yake haiwezi kushikwa na plasta. Bati bovu likatwe hadi kwenye chuma kizima, na kipande kipya kichomelewe. Anayeruka hatua hii asihangaike na zilizobaki.

Baada ya hapo fremu hujaribiwa zikiwa kavu, bila raba wala rangi. Nyuso za Kombi nyingi zimewahi kugonga kitu. Gari ambalo dereva wake yuko mbele ya magurudumu halina boneti ya kupokea kishindo, na mafundi wa miaka ya nyuma waliunyoosha uso huo kwa nyundo na makadirio. Tundu la kushoto linaweza kuwa pana kuliko la kulia kwa milimita kadhaa, au pembe moja ikawa imeshuka. Fremu iliyonyooka ikiingizwa kwenye tundu lililopinda, itagusa bati mahali pamoja na kuacha uwazi mahali pengine, na hakuna raba itakayouziba uwazi huo milele. Fundi mzuri hunyoosha tundu kwanza, kidogo kidogo, akipima pembe hadi pembe kwa kamba, kisha ndipo aguse fremu. Kazi hii inaweza kuchukua muda mrefu kuliko zote zilizobaki, na haionekani kwa macho gari likishamalizika.

Mstari wa bawaba ndio unaotangulia kuwekwa alama, kwa sababu kila kitu kinaning'inia kutoka hapo. Bawaba za pande mbili zisipolingana, vioo vikifunguliwa pamoja utaona kimoja kinatazama juu kuliko kingine, na uso wote wa gari utaonekana umepinda. Matundu hutobolewa kwa keekee yenye ncha ndogo kwanza, kisha yakapanuliwa. Baada ya kuhakikisha kwamba kila skrubu inaingia, vyote hufunguliwa tena. Kingo za matundu husuguliwa, chuma kilichobaki wazi hupakwa rangi ya kuzuia kutu, na ndipo gari linapakwa rangi yake. Wanaopaka rangi kwanza na kutoboa baadaye huwa wameipandia kutu mbegu katika kila tundu. Na rangi nayo ina unene. Fremu iliyoingia kwa kubana ikiwa kavu haitaingia baada ya tabaka tatu za rangi, kwa hiyo nafasi yake iachwe tangu mwanzo.

Kuhusu kioo chenyewe sina maneno mawili: kiwe cha tabaka. Mwaka 1903 mwanakemia Mfaransa Édouard Bénédictus alidondosha chupa ya maabara, ikapasuka lakini haikutawanyika, kwa sababu ndani ilikuwa imebakia ngozi nyembamba ya kimiminika kilichokauka. Mwaka 1909 alisajili hataza ya kioo cha usalama kilichotokana na tukio hilo: tabaka mbili za kioo zilizoshikwa na utando katikati. Katika Kombi, uso wa dereva uko karibu sana na kioo, na hakuna injini mbele ya kumkinga. Kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba, kilichokatwa kwa bei nafuu mtaani, ni kisu. Kwa bahati njema kioo bapa cha tabaka kinakatwa na fundi vioo yeyote mwenye ujuzi. Mpelekee fremu yenyewe, asikate kwa vipimo vya kwenye karatasi.

Raba huwekwa bila kunyooshwa. Mtu akiivuta ili ifike pembeni, itajirudi baada ya miezi michache na kuacha pengo kwenye pembe, mahali pale pale maji yanapopenda kukaa. Chini ya fremu iliyosimikwa hupakwa gundi ya kuziba isiyokauka ikawa ngumu, kwa sababu uso wa gari unanyumbuka kila gurudumu linapoingia shimoni. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Halafu inafuata kazi ya kurekebisha vikazio ili fremu ibane sawasawa kote. Kuna njia ya zamani isiyohitaji kifaa chochote: weka ukanda wa karatasi kati ya raba na fremu, funga kioo, kisha uvute. Ukitoka kirahisi, hapo hapabani. Zunguka kioo chote hivyo, rekebisha, rudia. Ukimaliza, mtu mmoja aingie ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira kutoka nje, akianzia chini na kupanda polepole, ili tone likionekana ijulikane limepitia wapi. Anayemwagia gari zima kwa pamoja atajua tu kwamba linavuja, jambo alilolijua tangu mwanzo.

Kazi hiyo ikifanywa vizuri, kioo kinachofunguka hakivuji kuliko kile kisichofunguka. Ikifanywa vibaya, ndani ya misimu michache ya mvua maji yatakuwa yameshuka nyuma ya dashibodi, yakaozesha sakafu chini ya miguu ya dereva na kula ncha za mihimili. Kuna Kombi zilizookolewa na Safari zao, na kuna Kombi zilizouawa nazo.

Thamani ya magari haya imepanda mno. Mwaka 2011 Kombi ya kifahari ya mwaka 1963 iliuzwa kwenye mnada wa Barrett-Jackson huko California kwa zaidi ya dola 200,000. Fedha za namna hiyo zimewavuta watu wanaotoboa bodi ili gari lipendeze kwenye picha, na baada ya hapo vioo havifunguliwi hata siku moja. Sioni sababu ya kufanya hivyo. Gari ambalo uso wake haujawahi kutobolewa, na ambalo litakaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, liachwe na vioo vyake. Bali kama Kombi yako itasafiri, italala njiani, itapanda milima wakati wa kiangazi ikiwa na watoto nyuma, basi wape dereva na abiria hewa ambayo kiwanda kilikwishajua namna ya kuwapa. Tafuta fundi wa bodi anayeanza kwa kupima, mlipe muda wake wote, na usimharakishe. Vioo vya zamani, raba zake na kila skrubu iliyotoka, vifunge vizuri na uviweke, pamoja na karatasi inayoeleza kilichobadilishwa na mwaka wake. Atakayelirithi gari hilo atavihitaji.